Kubeba pikipiki ndani ya jeep ndogo: mlango usipofungika, safari isianze

Pikipiki ni moja ya mali za bei kubwa ambazo koperative ya wakulima inaweza kuwa nazo. Imenunuliwa na sehemu za wanamemba, ama imetolewa na mradi, na kazi yake inaonekana kila siku: agronomu anafika kwenye mashamba ya mbali, sekretere anapeleka ripoti, mgonjwa anafikishwa kwenye santre ya afya. Lakini kuko siku ambapo pikipiki yenyewe ndiyo inabebwa. Injini imekufa na fundi iko mjini. Ama ni mpya, haijapata plake. Ama dereva wake amevunjika mkono, na hakuna mwingine mwenye kujua kuiendesha.

Siku hiyo watu wanaangalia jeep ndogo ya mradi, ama ya mfanyabiashara jirani, na wanasema: "Tuiingize tu nyuma, itaenea." Mara nyingi inaenea kweli. Shida haiko katika kuenea. Shida ni vitu vitatu vyenye kusafiri pamoja nayo na ambavyo watu hawavifikirii: mvuke wa esanse, moshi wa gari yenyewe, na uzito usiofungwa vizuri. Pikipiki ikiharibika inatengenezwa. Mtu aliyekaa mbele yake hatengenezwi hivyo.

Katika makala hii tunaeleza kazi yote, hatua kwa hatua. Tunachukua mfano wa njia moja ambayo wasomaji wengi wa Kivu ya Kusini wanaijua: kutoka Bukavu kupitia Nyangezi na mtelemuko wa Ngomo, kushuka mpaka Kamanyola na Luvungi, katika bonde la Ruzizi. Tuseme koperative moja ya wakulima wa mpunga inataka kushusha pikipiki yake kutoka mjini. Njia ile iko na kona, mawe na mtelemuko mkali. Mzigo wenye kukaa vizuri pale utakaa vizuri karibu kila mahali.

Kwanza: je, kuko lazima?

Pikipiki yenye kutembea, yenye makaratasi, na yenye dereva mzima, iende kwa magurudumu yake. Kama injini imekufa, ulizeni kwanza kama fundi anaweza kuja nayo mafundi wanayoita piese, kuliko kupeleka pikipiki nzima mjini. Kama kuko Fuso ya kubeba mihogo ama mpunga yenye kurudi na nafasi, ile ni nzuri kuliko jeep: iko wazi juu, mvuke unatoka, na hakuna mtu mwenye kukaa ndani na mzigo.

Kama ni pikipiki mpya, kuko njia ingine. Pikipiki nyingi zinatoka kiwandani ndani ya sanduku, gurudumu la mbele likiwa limetolewa, bila esanse. Muuzaji akikubali kuwapa sanduku vile lilivyo, mtakuwa na mzigo mdogo na usio na hatari ya moto. Lakini hakikisheni kwanza kama kijijini kuko fundi wa kuijenga, na muuzaji aandike kwamba garanti inabaki.

Chukueni metre kabla ya kuita shofere

Kupima kwa macho ndiko kunaleta matata. Pimeni gari namna hii: upana wa mlango wa nyuma, urefu wake kutoka chini mpaka juu, na urefu wa sakafu kutoka mlango wa nyuma mpaka migongo ya viti vya mbele, viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Kisha pimeni pikipiki: urefu wote, upana wa gidoni, na kimo cha gidoni na cha kiti.

Pikipiki nyingi za kwetu ziko na urefu wa karibu mita 2. Jeep ndogo nyingi hazina mita 2 ya sakafu mpaka kiti cha abiria wa mbele kisukumwe mbele kabisa, na mara ingine hata hapo haitoshi. Kwa hiyo gurudumu la mbele litatolewa. Gurudumu na mpira wake liko na karibu sentimita 60 kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Mkilitoa, mnapata karibu sentimita 30 kwa urefu, na mbele ya pikipiki inashuka karibu sentimita 30 pia. Ile ya pili ndiyo yenye kusaidia gidoni kupita chini ya mlango.

Halafu uzito. Pikipiki ya injini ya 100 mpaka 150 inapima karibu kilo 100 mpaka 130. Ni sawa na watu wawili wazima. Jeep ndogo nyingi zinabeba kilo 400 mpaka 500, watu na mizigo pamoja. Namba kamili imeandikwa katika kitabu cha gari. Pikipiki ikiingia, watu wawili wamekwisha kukaa. Wengine wasihesabiwe kana kwamba gari iko tupu.

Esanse: kazi hii ifanyike inje

Hapa ndipo watu wengi wanafupisha. Wanasema: "Kuko kidogo tu ndani." Lakini kinachowaka ni mvuke, na esanse inatoa mvuke hata kwenye baridi ya mulimani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Ndani ya gari unashuka kwenye sakafu na kubaki pale. Cheche moja ya waya mubovu, ama sigara ya mtu mmoja, inatosha.

Fanyeni hivi, inje, mbali na jiko na mbali na mtu mwenye kuvuta:

Injini ipoe kabisa, karibu nusu saa. Bomba la moshi lenye joto linachoma viti, na linaweza kuwasha esanse yenye kumwagika.

Toeni esanse yote ya tanki ndani ya bidoni nzuri yenye kifuniko. Bidoni hiyo haisafiri ndani ya gari pamoja na watu. Muuzieni mtu, ama muiachie depo.

Fungeni robine, kisha mwashe injini mpaka izimike yenyewe. Hivyo esanse yenye kubaki katika karbiratere inakwisha. Kama injini imekufa, fundi afungue vidi ndogo ya chini ya karbiratere na esanse imwangike ndani ya kopo.

Acheni kifuniko cha tanki wazi kwa muda, mahali penye upepo, kisha mfunge. Tanki tupu bado iko na mvuke ndani. Wale wanaopanda kutoka Uvira kwenda Bukavu wajue jambo hili: ziwa Tanganyika liko karibu mita 775 juu ya bahari, na ziwa Kivu karibu mita 1 460. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na mvuke wa ndani ya tanki unatafuta kutoka. Ndiyo sababu bidoni iliyofungwa Uvira inavimba ikifika juu.

Mwisho, toeni bateri ama waya zake. Anzeni na waya ya upande wa kutoa (−). Bateri ya maji isafiri imesimama, ndani ya kopo ya plastiki, juu asidi inatoboa nguo, ngozi na chuma.

Kutoa gurudumu bila kupoteza vipande

Kabla ya kufungua boloni ya kwanza, pigeni picha na telefone: upande wa kushoto, wa kuume, na namna kamba ya freni inapita. Toeni vioo na porte-bagaje kama inazuia. Simamisheni pikipiki kwenye kitu kigumu chini ya injini, mtu mmoja akishika, kisha mtoe gurudumu la mbele. Ekru, ekseli na bushi zirudishwe mara moja mahali pake kwenye miguu miwili ya mbele, ile mafundi wanaita furshe, ama ziwekwe katika mfuko na mfuko ufungwe kwenye kadre. Ekru moja iliyopotea Nyangezi inaweza kusimamisha kazi ya Luvungi wiki nzima.

Kama freni ya mbele ni ya diski, wekeni kipande cha mbao ama karatoni ngumu kati ya plakete, na mtu asibonyeze freni. Akiibonyeza, plakete zitafungana na gurudumu halitarudi.

Gidoni ikibaki juu sana, fundi alegeze boloni nne zenye kuishika na kuilaza mbele, bila kutoa kamba. Ikibaki sentimita chache tu, punguzeni upepo katika mpira wa nyuma.

Kuko watu wenye kulaza pikipiki kwa ubavu. Inawezekana, lakini ni njia ya mwisho. Bateri lazima itolewe, wile ya injini inaweza kupita mahali pasipo pake, na kitu cha kwanza chenye kuvunjika ni pedali ya vitesi ama mkono wa freni. Mkilazimika, tandikeni gunia tupu au godoro la zamani chini, na mkifika muisimamishe muda mrefu kabla ya kuiwasha.

Kupandisha

Sakafu ya jeep iko juu, karibu sentimita 60 ama 70. Usiinue pikipiki kwa nguvu za mgongo. Tafuteni ubao mnene, wenye sentimita 5 na upana wa sentimita 25 ama 30, urefu wa mita 2 na nusu. Ubao mfupi unafanya mlima mkali. Fungeni kichwa cha ubao kwenye gari kwa kamba, juu ubao wenye kuteleza ndio unavunja miguu ya watu.

Gari isimame pahali sawa, freni ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu. Pikipiki iwe katika vitesi ya zero. Watu wawili wanainua furshe na kuiweka juu ya sakafu, kwenye kipande cha mbao laini ama karatoni ngumu chenye kuteleza. Mtu wa tatu anasukuma kutoka nyuma kwa pembeni, gurudumu la nyuma likipanda ubao. Hakuna mtu mwenye kusimama katikati ya ubao nyuma ya pikipiki. Mmoja tu atoe amri: "Sukuma", "Simama". Kama watu wote wanapiga kelele, hakuna mwenye kusikia.

Kufunga: hesabu moja ya kukumbuka

Wengi wanasema pikipiki haiwezi kusogea kwa sababu imebanwa na viti. Tuhesabu. Gari inatembea kilomita 50 kwa saa, inagonga mti na kusimama ndani ya nusu mita. Kitu cha kilo 100 chenye kuwa nyuma kinasukuma mbele kwa nguvu yenye kufanana na uzito wa karibu tani 2. Hata kwa kilomita 30 kwa saa ni karibu kilo 700. Mgongo wa kiti haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu aliyekaa pale ndiye atakuwa ukuta.

Kwa hiyo kamba nne, kila moja na kazi yake. Mbili zinatoka kwenye furshe na kuvuta mbele na chini, moja kushoto, moja kuume. Mbili zinatoka kwenye kadre, chini ya kiti, na kuvuta nyuma na chini. Zifungwe kwenye chuma ya gari: pete za sakafu katika kofre, miguu ya viti yenye kushikwa na boloni, mahali mikanda ya usalama imeshikwa. Usifunge kwenye plastiki, kwenye mkono wa mlango, wala kwenye vioo ama taa za pikipiki.

Mikanda ya kufungia mizigo yenye kikazo cha chuma ni bora. Kamba nene ya nailoni inafaa pia. Vipande vya shambriere, vile tunavyotumia kufunga mizigo kwenye pikipiki, visibaki peke yake: mpira unavutika, na shofere akikanyaga freni pikipiki inaenda mbele kabla mpira haujaishika. Tumieni shambriere kwa kufunika mahali kamba inagusa chuma chenye makali.

Sukumeni pikipiki kwa mikono. Kama gari yote inatikisika pamoja nayo, imefungwa. Kama pikipiki inatikisika peke yake, anzeni tena.

Mlango wa nyuma

Hii ndiyo sehemu tunayotaka kila komite ishike. Pikipiki ikizidi sentimita 10 ama 20, watu wanafunga mlango wa nyuma kwa kamba, unabaki wazi nusu, na safari inaanza. Wanafikiri upepo utaingia na itakuwa vizuri kwa harufu ya esanse.

Kinyume chake ndicho kinatokea. Gari ikitembea, nyuma yake kunakuwa nafasi yenye kuvuta hewa. Moshi wa bomba unapindika na kuingia kwa mlango ulio wazi. Ndani ya moshi huo kuko monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Inashika nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake zinafanana na uchovu wa safari: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Shofere anafikiri ni jua. Mtoto anasinzia na watu wanafurahi kwamba ametulia. Hewa hiyo inaua.

Basi sheria ni moja: mlango wa nyuma usipofungika kabisa, pikipiki hii haisafiri katika gari hii. Toeni kipande kingine, ama tafuteni gari ingine. Mlango ukiwa umefungwa, madirisha ya mbele yabaki wazi njia nzima, hata kama kuko vumbi. Mtu akianza kuumwa kichwa, simameni, wote watoke inje, mahali penye hewa safi, na mgonjwa apelekwe kwenye santre ya afya.

Nani anapanda, na mizigo gani

Shofere na mtu mmoja wa mbele, kama kiti chake hakikusukumwa. Basi. Hakuna mtu wa kukaa nyuma "kwa kuishika". Mama mwenye mtoto aliyeomba lifti ataumia kusikia hapana, lakini semeni hapana na mumueleze sababu.

Mizigo ya koperative vilevile. Kahawa na kakao vinanyonya harufu. Gunia la kahawa ya parche lililolala karibu na tanki ya pikipiki linaweza kubeba harufu ya esanse mpaka kwenye kikombe cha mwenye kuonja, na kazi ya mavuno yote ishushwe bei. Unga, samaki na dawa za watu visiingie. Mbegu zisafiri siku ingine. Wile kidogo yenye kumwagika kwenye gunia la mbegu haitaonekana mpaka siku ya kupanda.

Makaratasi yawe mkononi mwa shofere: fakture ya kununua ama karte roze ya pikipiki, na ordre de mission yenye mukuri wa koperative. Pikipiki isiyo na plake ndani ya gari inauliza maswali kwenye kila bariere, na rulaji wako na haki ya kuuliza.

Njiani

Simameni baada ya kilomita 10, mkaze kamba. Kamba zote zinalegea mwanzoni. Kisha kazeni kabla ya mtelemuko. Pale Ngomo, shofere atumie vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka, asitegemee freni peke yake. Gari iko nzito nyuma, na inahitaji nafasi kubwa ya kusimama. Kioo cha ndani hakioni tena nyuma, kwa hiyo vioo vya pembeni vipanguswe. Mkisikia harufu kali ya esanse, simameni, fungueni milango yote, na mtafute mahali inatoka kabla ya kuendelea.

Kufika si mwisho

Pikipiki ishushwe kwa ubao uleule, polepole, mtu mmoja akishika freni ya nyuma. Gurudumu lirudishwe kwa kufuata picha za telefone. Ekru ya ekseli ikazwe na ipini yake irudishwe. Gidoni ikazwe. Angalieni wile. Kama ilikuwa imelala, toeni buji na mpige kiki mara kadhaa kabla ya kuiwasha, juu wile iliyopita juu ya pistoni inaweza kuharibu injini. Jaribuni freni katika uwanja, polepole, kabla ya mtu kwenda nayo barabarani.

Kisha sekretere aandike katika daftari la mali: tarehe, gari, shofere, mwenye kutoa ruhusa, na hali ya pikipiki ilivyoondoka na ilivyofika. Mali ya wote ikisafiri bila maandishi, siku ikiharibika kila mmoja atamuonyesha mwenzake kidole.

Mambo ya kukumbuka

1. Pimeni gari na pikipiki kwa metre, si kwa macho.
2. Esanse itolewe yote, inje, na bidoni isisafiri ndani na watu.
3. Kamba nne kwenye chuma, na kukaza tena baada ya kilomita 10.
4. Mlango wa nyuma ufungike kabisa, madirisha ya mbele yawe wazi.
5. Hakuna mtu nyuma, hakuna kahawa, kakao, mbegu wala chakula.

Maswali ya kuzungumuzia katika kikundi

Katika koperative yetu, nani ana haki ya kutoa ruhusa pikipiki ibebwe, na nani anaweza kusema hapana hata kama prezida ana haraka?

Je, tuko na ubao, kamba na funguo za kufanya kazi hii, ama tunaazima kila mara?

Mtu akiomba lifti siku hiyo, tutamueleza namna gani?